Siku Tano za Kisiwani Alizozipanga Hulda

Mimi ni wifi yake Hulda, kwa hiyo nina haki ya kumsema, na nitamsema. Kaka yangu Anania alimtoa kwao Mlangali akiwa binti mwenye kisanduku cha bati na maneno machache. Anania alishafariki, huu ni mwaka wa nane. Alimwachia mke wake vitu viwili: chumba cha biashara pale mtaa wa Ramadhani, mjini Njombe, na mtoto mmoja wa kike, Lightness. Chumba Hulda amekigeuza steshenari, ana mashine ya kopi na kompyuta moja. Mtoto sasa ana miaka kumi na tisa na anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika. Hulda hana mtoto mwingine, na mimi sina mwingine wa kuniita shangazi.

Ukiishi Njombe ukaoa, ukabatiza au ukafiwa, lazima utapita kwa Hulda. Yeye ndiye mwandishi wa ratiba. Anachukua rula na kalamu nyekundu, anakuuliza maswali mpaka unachoka, halafu anakuandikia siku yako yote: mwili unafika saa ngapi, nani anasoma wasifu, chakula kinaanza saa ngapi, na dakika za kila mtu. Chini kabisa anaweka jina lake na cheo: Katibu. Washereheshaji wanamwogopa. Nimeona mchungaji mwenyewe anakatisha mahubiri kwa sababu Hulda ameinua karatasi kule nyuma. Tangu shule ya msingi ndiye aliyekuwa anagonga kengele, na mwalimu mkuu alikuwa anarekebisha saa yake kwa kengele ile.

Lakini mimi nimeishi naye, namjua. Hulda ni mwoga. Simaanishi mwoga wa nyoka au wa wezi. Anaogopa kuonekana hajui. Ukimuuliza kitu asichokijua hasemi sijui, ng'o. Anakwambia, "Nitakuangalizia," halafu anazunguka kwa mlango wa nyuma kukusanya vipande vya habari kwa huyu na kwa yule, mradi tu asikae mbele ya mtu akauliza kama mwanafunzi. Nimegombana naye kwa jambo hilo mara nyingi, na Anania, Mungu amrehemu, alikuwa ananiambia nimwache, kila mtu ana ugonjwa wake.

Sasa mwaka huu kwaya ikapata mwaliko wa kwenda Unguja. Kuna usharika mdogo pale mjini kwao, mwinjilisti wake anaitwa Timoth, akaandika barua nzuri kwamba njooni mkae siku chache mtembee muone kisiwa, halafu mwimbe nasi Jumapili. Siku tano zote kwa pamoja. Waimbaji ni ishirini na sita, na katika hao waliowahi kuiona bahari kwa macho ni watatu, nao waliiona kupitia dirisha la basi. Mwenyekiti wa kwaya, Mzee Ebeneza, mwalimu mstaafu, mtu mpole asiyependa kuamua jambo bila karatasi, akasimama baada ya mazoezi akasema katibu atatupangia. Watu wakapiga makofi. Hulda akatabasamu, nami nikajua moyoni kwamba hajui aanzie wapi.

Namba ya simu ya mwinjilisti ilikuwa juu ya barua, imeandikwa wazi. Nilimwambia, mpigie huyo mtu, yeye yuko kule, atakueleza kila kitu kwa dakika kumi. Akanijibu huku anafuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Nimwulize nini, wifi? Kwamba bahari inakuwaje? Atasema Wabena hawa wanatoka wapi."

Basi akaanza kukusanya vipande vyake. Alipekua kalenda za zamani zenye picha za minazi. Aliwasikiliza waimbaji, na kila mmoja alikuwa na lake. Kuna waliotaka kuona mashamba ya karafuu. Kuna waliotaka kuona pomboo, wakagombana na wale waliosema pomboo ni samaki tu, kwani samaki hatujawaona sokoni? Kuna mzee mmoja wa besi aliyetaka iandikwe kabisa kwamba halazimishwi kula pweza. Hulda aliyaandika yote. Akaweka na maagizo ya vifaa: kila mtu abebe sweta mbili na blanketi zito. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilimwambia kule ni joto, watu wanalala bila shuka. Akasema asubuhi ni asubuhi popote, sweta haimzidi mtu. Ndivyo tulivyo sisi wa huku juu, tunadhani kila mahali kuna ukungu.

Kipande kikubwa alikipata kwa Elius. Elius ni mdogo wake Hulda, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao Makambako, na mwaka jana alikwenda Unguja kwenye harusi ya rafiki yake. Huyu naye ni mtu wa kupenda kusikilizwa. Alikuja na simu yenye picha mia. Akamwonyesha mji mdogo wa pwani, upande wa mashariki wa kisiwa, mchanga mweupe kama unga wa sembe, na akasema pale bahari ni ya ajabu, asubuhi unatembea juu ya sakafu yake kama unatembea kwenye shamba lililovunwa. Unakwenda mpaka kule mbali kwenye mwamba mawimbi yanapopasukia, unapiga picha, unarudi. Yeye na wenzake waliingia saa nne asubuhi wakatoka saa sita mchana, na viatu havikulowa. Hulda akamuuliza mara mbili kuhusu hizo saa. Elius akaapa. Na kweli hakusema uongo, picha zenyewe zilikuwa na saa na tarehe.

Hulda akafurahi kupita kiasi. Kwaya ilikuwa inatamani siku nyingi kupiga video ya nyimbo zao, na hakuna kwaya yoyote ya Njombe yenye video waliyosimama katikati ya bahari. Siku ya tatu ya safari akaiandika hivi, naikumbuka neno kwa neno kwa sababu niliisoma mara nyingi kuliko Zaburi: saa mbili na nusu asubuhi, kuvaa majoho, saa tatu kasoro robo, simu zote kukusanywa, saa tatu, kutembea kuelekea mwambani, saa nne hadi saa sita mchana, kupiga video, nyimbo nne, saa sita, kurudi pwani na kula chakula.

Hilo la simu msilishangae. Ni desturi ya kwaya ile, na Hulda ndiye aliyeianzisha. Kuna msiba mmoja simu ya mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu ililia wimbo wa baa jeneza likiwa linashushwa. Tangu siku hiyo kwaya ikivaa majoho, simu zinazimwa zinatiwa kwenye kapu moja, na kapu linafungwa mpaka majoho yavuliwe. Anayekiuka ratiba, haimbi Jumapili mbili. Watu wa kwaya ile wanaiheshimu karatasi ya Hulda kuliko katiba ya usharika.

Waliondoka Jumatano. Mimi nina kibanda cha chai na chapati pale Makambako, karibu na stendi, kwa hiyo basi lao lilisimama nikawagawia chapati za njiani. Hulda aliwasindikiza mpaka pale tu. Lightness alikuwa amembembeleza mama yake wiki nzima aende nao, na Hulda alisema hawezi kufunga duka. Uongo mtupu. Aliogopa boti. Lightness akanikumbatia, akanukia mafuta ya nywele, akasema shangazi nitakuletea karafuu. Nikamwambia niletee mchumba. Wakacheka wote dirishani, basi likaondoka, na Hulda akaangalia saa yake akasema wamechelewa dakika nne.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Nilipanda Njombe asubuhi kwa ajili ya kopi za leseni ya kibanda. Ilikuwa Julai, baridi ile inayouma masikio, na Hulda alikuwa amewasha jiko la mkaa ndani ya duka. Ratiba ya safari alikuwa ameibandika mlangoni ili wazazi wasome, na walikuwa wanakuja kweli. Kila asubuhi mzazi mmoja au wawili wanasimama pale, wanapitisha kidole, wanajua mtoto wao sasa yuko wapi, wanaondoka na amani. Nilimsifu wifi yangu siku hiyo. Nilimwambia hili ni jambo zuri umefanya.

Ilikuwa saa nne kasoro kama dakika ishirini akaingia mzee Xaveri. Huyu ni Mkatoliki wa upande wa misheni, ana shamba la parachichi sasa, lakini ujana wake wote aliumalizia Tanga kwenye mashamba ya chumvi. Alileta kitambulisho cha kukopi. Akasimama mlangoni kusoma ratiba, kama wanavyosoma watu wote. Akasoma, akarudia. Halafu akaingia na miwani mkononi, akauliza kwa upole kabisa ni nani aliyewapa hizi saa za siku ya tatu.

Hulda akasema ni mtu aliyefika. Xaveri akauliza alifika lini. Hulda akamwonyesha picha za Elius kwenye kompyuta, tarehe na saa. Mzee akaiendea kalenda ya ukutani, ile yenye alama za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, akaomba na ya mwaka jana, akafunua hii, akafunua ile, akahesabu kwa vidole. Nakwambia ukweli, nilimwona mzee yule rangi inambadilika.

Alitueleza taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. Kwamba bahari haitulii mahali pamoja kama ziwa. Inakauka na kujaa mara mbili kwa siku, na saa zake zinasogea kila siku, leo saa hii, kesho karibu saa nzima mbele, kwa kufuata mwezi. Kule Tanga walikuwa wanafungua na kufunga mashamba ya chumvi kwa hesabu hiyo. Siku aliyokwenda Elius mwezi mpevu ulikuwa umepita siku mbili, kwa hiyo maji yalikauka karibu saa tano, akatembea akarudi salama. Leo mwezi mpevu bado siku mbili.

"Leo yamekauka saa mbili asubuhi, mama," akamwambia Hulda. "Saa tatu walipotoka palikuwa pakavu, watakuwa wameona ni sawa tu. Lakini yameshageuka. Na hayaji kwa mbele ukayaona. Yanapita kwenye mikondo, yanajaa nyuma yako kwanza."

Hulda akauliza kina kitakuwa kiasi gani. Xaveri akasema ikifika saa sita hakuna mtu atakayesimama pale walipo. Akauliza kama wanajua kuogelea. Sisi tukatazamana. Nani wa Njombe anajua kuogelea? Mito yetu maji yake yanakata miguu kwa baridi, tunavuka haraka tunakwenda zetu.

Nikakaa kwenye boksi la karatasi. Hulda alikuwa tayari na simu sikioni. Alimpigia Lightness, haipatikani. Mzee Ebeneza, haipatikani. Akampigia mshika kapu, akampigia dereva wa gari walilokodi kule, kumbe namba ya dereva alikuwa nayo Ebeneza peke yake. Alipiga namba za watu kumi na mbili, na yule dada wa kwenye mtandao akamjibu mara kumi na mbili kwa sauti ileile. Mimi nikiogopa nakasirika, ndivyo nilivyo. Nikamwambia mpigie mwinjilisti sasa, au utaona aibu mpaka lini?

Akapiga. Xaveri ndiye aliyemsomea namba kutoka kwenye barua. Timoth alipokea mara ya kwanza tu. Hulda akaeleza, akawa anajikanyaga, hasemi vizuri. Simu ilikuwa na sauti kubwa, sote tulisikia. Yule mtu akauliza kwa nini hatukumwuliza. Alidhani wamekwenda pwani kukaa tu mchangani. Yeye alikuwa mjini, mwendo wa saa nzima kwa gari. Akasema anamfahamu mwenye duka mmoja pale pwani, anampigia, na sisi tusiishike laini.

Tukakaa. Hapo ndipo nilipojua hofu ni kitu gani. Msiba unapokuja unalia, una la kufanya, unatafuta kanga, unatafuta kuni. Lakini hii ya kukaa karibu na jiko Njombe, mikono ina joto, wakati mtoto wako yuko mahali maji yanamzunguka na huwezi hata kupiga kelele akasikia, hii sikuwa naijua. Niliona kila kitu. Nilimwona na lile joho refu la zambarau linalofika kwenye vifundo, nikafikiria likilowa litakuwa na uzito gani. Nilitaka kusema jambo hilo nikaona nikilisema Hulda atazimia, nikalimeza.

Timoth akapiga saa nne na robo. Mwenye duka amepatikana, amekimbia kwenda ufukweni. Basi. Hakujua zaidi.

Na katika hali hiyo akaingia Esnath, mama yake Elina. Elina anaimba sauti ya kwanza, wamekua pamoja na Lightness. Esnath alikuwa na furaha zake, amejifunga kitenge kipya, ametusalimu kamwene kamwene huku anavua kanga kichwani. Akasimama mlangoni akapitisha kidole kwenye ratiba, akaangalia saa ya ukutani.

"Sasa hivi wanaimba wimbo wa kwanza," akasema. "Wanapendezaje na majoho yale."

Nikamtazama Hulda. Hulda akamtazama Xaveri. Esnath akavuta stuli, akakaa, akaanza kueleza jinsi Elina alivyompigia jana usiku akasema amekula embe bichi na chumvi na pilipili, na jinsi watu wa kule wanavyosema kwa sauti ya kuimba. Alikuwa anacheka. Nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini nitamwambia nini? Kwamba mwanao labda? Nikamkorogea chai. Akanywa, akaangalia ukutani tena, akasema sasa wameingia wimbo wa pili.

Ilipofika saa tano Hulda alisimama, akauendea mlango. Alisimama mbele ya karatasi yake akaisoma. Sijui alikuwa anatafuta nini pale. Halafu akageuka akamwambia Esnath kila kitu, bila kupunguza, kuanzia kwa Elius mpaka kwa Xaveri. Alisema amefanya kosa, na kwamba watoto wako majini sasa hivi, na simu ziko kwenye kapu. Esnath hakupiga kelele. Alikiweka kikombe chini taratibu, akaanza kuomba kwa Kibena, kwa sauti ndogo, macho wazi, anamwangalia Hulda muda wote. Afadhali angempiga.

Saa tano na nusu Timoth alipiga kutoka njiani, akasema mwenye duka hapokei tena. Saa sita hakuna. Hulda hakulia. Alikuwa anaangalia saa yake ya mkononi, anaishusha, anaiangalia tena, mpaka nikamshika mkono nikaivua nikaitia mfukoni mwangu. Akaniacha nimvue kama mtoto. Xaveri alikuwa amevua kofia, rozari iko mkononi, na sisi Walutheri watatu tulikuwa tunamtegemea yeye aendelee. Nilimwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimwambia alishamchukua Anania, anataka nini tena.

Saa saba kasoro simu ikalia. Namba ngeni. Hulda aliitazama tu inavyolia. Mimi ndiye niliyeipokea nikaweka sauti kubwa juu ya meza.

Alikuwa ni Lightness. Alikuwa anatetemeka sauti, meno yanagongana, lakini ni yeye. Akasema tuko hai, mama, wote ishirini na sita tuko hai. Esnath aliteleza kwenye stuli akakaa sakafuni, na hapo ndipo alipolia. Lightness akaeleza kwa vipande. Wakati wanaingia walikutana na akina mama wanaolima mwani, wanarudi pwani na magunia kichwani. Wale akina mama waliwapungia mikono na kuwapigia kelele sana, na kwaya ikadhani wanasalimiwa, ikawapungia nayo ikawaimbia. Walipofika mwambani wakajipanga, wakaanza. Maji yalikuja nyuma, yakafika magotini, yakafika kiunoni, wale wafupi wakaanza kushikiliwa. Walivua majoho yakachukuliwa na mkondo. Wale akina mama wa mwani ndio waliowaita wanaume wakaja na ngalawa tatu, na mwenye duka akiwa kwenye moja. Mzee Ebeneza amekunywa maji mengi, yuko zahanati, anaongea. Kapu la simu limekwenda na maji.

Mimi nilikuwa nacheka na kulia, namshukuru Mungu, nawashukuru akina mama wa mwani ambao siwajui hata kwa jina. Xaveri alikuwa anajifuta macho na kofia. Hulda peke yake hakusogea. Alikuwa ameinamia simu, mikono yake imeshika ukingo wa meza, na akamuuliza mtoto wake swali moja tu: nyie hamkuyaona maji yakija?

Nyuma yake tulisikia watu wanaongea, na mtu akimwambia ajifunike.

"Mimi niliyaona, mama," akasema. "Niliyaona mapema, wimbo wa pili haujaisha. Nilitoka mstarini nikamwambia Mzee maji yanazunguka nyuma. Akatoa karatasi akaisoma, akasema bado, mpaka saa sita. Nikaichukua na mimi nikasoma. Nikaona jina lako pale chini, nikarudi mstarini."

Hulda alifungua mdomo. Nilidhani atasema nitakuangalizia, au atasema Elius ndiye, kwani angeweza kusema hivyo na ingekuwa nusu kweli.

"Nilikuwa sijui, mwanangu," akasema. "Sikuwa najua chochote kuhusu bahari. Niliogopa kuuliza."

Tulisikia Lightness anapumua tu, anapumua, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuikata simu.